Boda Ni Ile Ile: Mwongozo Kamili wa Kuuza Nyongeza Mtandaoni

Simama jioni mbele ya kibanda chochote cha chipsi hapa Dar, Sinza au Temeke, umsikilize kijana mwenye mwiko. Ukiagiza chipsi kavu hakuulizi kama unataka mishikaki. Anauliza, "Mishikaki mingapi?" Mkono wake tayari uko kwenye jiko la mkaa. Wengi tunajikuta tumejibu "miwili" kabla hatujawaza. Halafu linafuata la pili: "Soda ya baridi?" Mtu aliyetoka nyumbani na wazo la elfu mbili anaondoka ametoa elfu nne, kashiba, kachumbari kawekewa bure, na kesho anarudi pale pale.

Njoo sasa mtandaoni. Mteja anauliza bei, anatajiwa, analipa, anaambiwa "asante karibu tena". Basi. Muuzaji huyo huyo jioni analalamika kwamba biashara ngumu na anaongeza hela ya tangazo atafute wateja wapya, wakati wale sitini aliowahudumia mwezi huu hakumwuliza hata mmoja kama anahitaji kitu kingine.

Mimi nauza mashuka kwa WhatsApp na Instagram, mzigo nachukua Kariakoo, kwa hiyo mifano yote hapa ni ya mashuka. Wewe wa vipodozi, viatu, keki au vyombo, badilisha majina tu, hesabu haibadiliki.

Kitu kimoja kwanza. Sokoni kwetu nyongeza huombwa na mteja: amenunua fungu la mchicha au dagaa, anasema "niongezee basi", naye anaongezewa bure. Hapa tunageuza kibao, muuzaji ndiye anayeitaja nyongeza, na inalipiwa. Ndiyo maana ukiitaja bila sababu ya maana mteja anaona unamkamua. Sababu hiyo ipo, na kwa sisi wa mtandaoni iko kwenye usafiri. Tutaifikia.

Nyongeza ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kumpandisha mteja: alitaka shuka la kawaida, unamwonyesha la pamba nzito. Ya pili ni kumuunganishia: amechukua mashuka, unamtajia foronya zinazoendana nayo. Kwa anayeanza, ya pili ni rahisi zaidi, kwa sababu haigusi uamuzi ambao mteja ameshaufanya.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya oda moja

Usiruke hatua hii. Wauzaji wengi wanajua mauzo ya mwezi, faida ya oda moja hawaijui.

Seti moja ya kitanda cha futi 6 kwa 6, yenye mashuka mawili na foronya mbili, nainunua jumla kwa 27,000 na kuiuza 38,000. Kwa juu juu faida ni 11,000. Sasa toa tangazo: mwezi nikilipia 150,000 na nikapata wateja 60, kila mmoja amenigharimu 2,500. Mfuko na stika, 500. Kilichobaki mkononi ni 8,000. Nauli ya boda inalipwa na mteja.

Chukua foronya mbili za ziada. Nazinunua 4,000, nauza 7,000. Tangazo lilishalipwa, mfuko ni ule ule. Ile 3,000 inaingia nzima. Kwenye oda iliyokuwa inaniachia 8,000, hiyo ni zaidi ya theluthi, na imepatikana kwa sentensi moja. Kati ya wateja 60, wakikubali 20, ni 60,000 kwa mwezi bila kuongeza hata shilingi kwenye tangazo. Huo si utajiri, ila bando linatoka na chenji inabaki.

Tazama sasa upande wa mteja. Boda kutoka Kariakoo hadi Mbezi akidai 6,000, atadai 6,000 hiyo hiyo abebe seti moja au seti, foronya na taulo. Mteja akikumbuka foronya wiki ijayo, atalipa boda ya 6,000 kwa mzigo wa 7,000. Hiyo ndiyo sababu niliyosema. Ukimwambia "boda ni ile ile" humdanganyi, unamfanyia hesabu ambayo angeijutia baadaye kutoifanya.

Hatua ya 2: Nyongeza itafute kwenye meseji zako

Watu wengi hukosea hapa kwa kuchagua nyongeza kutokana na kilichowadodea stoo. Mashuka hayo, chukua na hizi soksi. Mteja anashangaa.

Fungua mazungumzo yako 50 ya mwisho, uyasome taratibu kama unayasoma ya mtu mwingine. Tafuta mambo mawili: swali ambalo wateja huuliza baada ya kununua, na kitu wanachokirudia. Mimi nilipofanya hivyo niliwakuta wateja kadhaa walioniandikia siku chache baada ya kupokea mzigo: "Dada, foronya za haya maua unazo peke yake? Nina mito minne." Nami nilikuwa nimejibu yale yale kwa wote, kwamba mzigo wa maua yale umeisha na mpya ukija una maua mengine. Anayenunua jumla Kariakoo analijua hilo, ua likiisha limeisha. Maana yake foronya inayolingana na shuka hupatikana siku ile ile ya kununua shuka, au haipatikani. Nyongeza yangu ya kwanza ilikuwa imekaa mbele ya macho yangu miezi.

Ukishapata wazo, lipitishe kwenye maswali haya. Je, linakamilisha kile alichonunua, au ni kitu kingine kabisa? Lipo stoo leo? Bei yake je? Kwa kumuunganishia, mimi sivuki robo ya bei ya alichochukua. Kwa kumpandisha, ile ya juu isizidi ya chini kwa zaidi ya nusu. Hivyo ni vipimo vyangu vya mkono tu, lakini ukivuka hapo mteja huacha kujibu haraka na kuanza kusema "nitakucheki".

Kuhusu kumpandisha: seti yangu ya pamba nzito ni 55,000, nainunua 38,000, faida ya juu juu 17,000 badala ya 11,000. Neno "quality" halitakuuzia hii, kila mtu Instagram ana quality. Inauzwa kwa jambo ambalo mteja anaweza kulihisi. Joto la Dar la Januari na Februari, polista inakunatia mgongoni na feni haisaidii. Ikifuliwa miezi kadhaa inaota vile vijidonge vidogo vya uzi. Piga picha ya karibu kabisa, vitambaa viwili vikiwa sambamba mkononi, mchana, karibu na dirisha. Picha hiyo moja itafanya kazi kuliko aya nzima ya sifa.

Na iwe nyongeza moja kwa kila bidhaa. Andika kwenye daftari: bidhaa hii, nyongeza yake hii. Ukitaja vitu vitatu umempa mteja kazi ya kuchagua upya, na mtu aliyepewa kazi huiahirisha, pamoja na ile oda aliyokuwa tayari kulipia.

Hatua ya 3: Jua dakika ya kuitaja

Kabla mteja hajaamua, usimuunganishie chochote. Hapo bado anajiuliza kama akuamini. Kumpandisha ndiko kunakofaa wakati huu, na kwa kumwonyesha tu: "Ninayo ya 38,000 na ya pamba nzito ya 55,000, picha hizi hapa." Umetaja, umenyamaza.

Hapo hapo niseme la moyoni kuhusu "bei njoo DM". Mteja ambaye bei ya kwanza ameivuta kwa shida hawezi kusikiliza ya pili kwa moyo mweupe. Weka bei kwenye picha.

Dakika yenyewe ni ile mteja amesema "sawa, naomba hilo", hela bado hajatuma. Ameshaamua, na bado yuko kwenye simu. Ukichelewa hadi baada ya malipo umempa adha mbili: kufungua tena M-Pesa au Airtel Money, na kukatwa makato ya muamala mara ya pili kwa ajili ya 7,000. Nimepoteza nyongeza nyingi kwa kuikumbuka dakika tano baada ya meseji ya malipo kuingia.

Kuna pia wakati wa kukaa kimya. Aliwahi kuniandikia mama mmoja anataka mashuka mawili mepesi, haraka, ya mgonjwa aliyelazwa. Nilikuwa na ya 38,000 mkononi na jibu langu la pamba nzito limeshahifadhiwa kwenye simu. Kitanda cha hospitali ni chembamba, futi 6 kwa 6 ni kitambaa cha kuburuzika sakafuni. Nikamwelekeza achukue ya kitanda kidogo, ya bei ya chini, kisha nikamwombea mgonjwa wake nafuu. Mtu wa msiba, mtu wa hospitali, mtu anayekwambia wazi "nina thelathini tu": hao wauzie walichokuja nacho, na ikibidi washushe.

Hatua ya 4: Maneno yenyewe

Hivi ndivyo mazungumzo yangu yanavyokwenda siku hizi.

— Habari, hili la kijani bei gani?

— Salama dada, karibu. Ni 38,000, mashuka mawili na foronya mbili. Kitanda chako futi ngapi?

— 6 kwa 6. Mbezi mnaleta?

— Tunaleta, leo kabla ya saa 11 jioni unalo, boda 6,000. Unatumia mito miwili au minne?

— Minne

— Sawa. Maua haya foronya zimebaki chache, na mzigo ujao utakuwa na maua mengine. Nikuwekee mbili za ziada, 7,000? Boda ni ile ile.

— Haya weka

— Asante dada. Mzigo 45,000, na boda jumla 51,000. Lipa Namba hii hapa.

Kazi yote imefanywa na swali la mito. Angejibu "miwili", ningeandika jumla na kumtumia namba ya kulipia, kwa sababu hana anachokikosa. Swali la namna hiyo ndilo unalotakiwa kulitafuta kwenye biashara yako. Muuza keki: "Mtakuwa watu wangapi?" Muuza viatu vya ngozi: "Unavivaa kila siku au vya kutokea?" Muuza mafuta ya nywele: "Unasuka au umeachia?" Swali linalohusu maisha ya mteja, lenye majibu mafupi, na moja kati ya majibu hayo linaifungulia nyongeza mlango.

"Zimebaki chache" sema pale tu zimebaki chache. Mteja akiona status yako ya wiki ijayo ina foronya zile zile, umeuza 7,000 na umemuuza na yeye.

Akikataa, jibu ni "Sawa dada, naandaa mzigo." Usirudie. Usipunguze bei ya nyongeza papo hapo, maana utakuwa umemwambia kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha.

Kwenye WhatsApp Business yahifadhi maneno haya kama majibu ya haraka: unaandika alama ya mkwaju na neno moja, mathalani /foronya, sentensi nzima inatokea. Ila iguse kabla ya kutuma. Mtu aliyejitambulisha kama baba fulani akiitwa "dada" anajua mara moja anaongea na mashine.

Hatua ya 5: Usafiri bure na vifurushi, hapa ndipo hela hupotelea

Nilianza kwa mbwembwe: "Nunua kuanzia 45,000, usafiri juu yetu!" Oda zenye foronya ziliongezeka sana. Mwisho wa mwezi nimeuza zaidi na nimebaki na kidogo. Nikakaa na kikokotoo. Oda ya 45,000 ina faida ya juu juu 14,000. Toa tangazo na mfuko 3,000, toa boda 6,000, inabaki 5,000. Oda yangu ya zamani ya 38,000, bila mbwembwe, ilikuwa inaniachia 8,000. Kila mteja aliyefurahia ofa yangu alikuwa anaondoka na 3,000 ya mtoto wangu ya shule.

Kiwango nikakipandisha hadi seti mbili. Seti mbili ni 76,000, faida ya juu juu 22,000, toa 3,000 na boda 6,000, inabaki 13,000. Hapo usafiri bure una maana. Na nikaandika wazi "tunachangia boda hadi 6,000", kwa sababu kuna aliyesoma "bure" naye yuko Kibaha.

Kosa la vifurushi ni ndugu yake. Nilifunga seti ya 38,000, foronya za 7,000 na taulo kubwa la 15,000, jumla 60,000, nikauza 55,000. Manunuzi yake ni 27,000 na 4,000 na 10,000, yaani 41,000. Faida ya juu juu 14,000. Tazama vizuri: ni ile ile ya mashuka na foronya bila taulo. Punguzo la 5,000 lilikuwa limemeza faida yote ya taulo, nilikuwa nalibeba na kulifunga bure. Sasa kifurushi kile ni 58,000. Wanaokichukua hawajapungua kiasi cha kunisumbua. Kwa hiyo kabla hujatangaza punguzo lolote, liandike pembeni ya faida ya kile kitu unachokiongeza, si pembeni ya bei ya jumla.

Wateja wa mikoani wana hesabu yao. Mzigo wa Mwanza au Mbeya unapelekwa stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, unalipiwa nauli ya kifurushi kwenye basi, halafu mteja naye anatoka kwake kwenda kuupokea. Kwa huyo swali bora ni hili: "Kuna mwenzako ofisini au jirani anayependa? Nikiwafungia pamoja mnagawana nauli ya basi." Mteja anapeleka picha zako kwenye grupu la ofisi mwenyewe. Siku nyingine seti moja inakuwa nne, na hukumtafuta hata mmoja kati ya wale watatu.

Hatua ya 6: Kama una tovuti

Hapa mambo ni mafupi, programu inakufanyia kazi. Ukitumia WooCommerce, programu ya kuendeshea duka la mtandaoni, kwenye ukurasa wa kuhariri bidhaa kuna sehemu ya bidhaa zilizounganishwa yenye visanduku viwili: kimoja cha bidhaa za juu zaidi, zinazoonekana mteja akiwa anatazama bidhaa, kingine cha vya kuandamana nayo, vinavyoonekana kwenye kikapu. Ndiyo kumpandisha na kumuunganishia kwetu, kila kimoja kwenye dakika yake. Jaza kwa mkono, bidhaa moja moja, kutoka kwenye daftari lako.

Usiweke kisanduku ambacho kimeshawekwa tiki, mteja asipoangalia analipia kitu ambacho hakukichagua. Umoja wa Ulaya ulilipiga marufuku jambo hilo kwenye maelekezo yake ya haki za walaji ya 2011, na mwenzetu anayeuza vitenge kutoka Ujerumani au Uholanzi linamhusu moja kwa moja. Huku kwetu adhabu ni screenshot yako kuzunguka kwenye magrupu.

Hatua ya 7: Baada ya mzigo kufika

Siku tatu baadaye uliza kama shuka limekaa vizuri kitandani. Usiuze kitu. Wengi watatuma picha bila kuombwa. Omba ruhusa uiweke status. Kitanda cha mteja halisi chenye mito minne ndicho tangazo bora la foronya nililowahi kuwa nalo, na sikulilipia.

Mteja huyo mpe lebo kwenye WhatsApp Business: ukubwa wa kitanda, rangi aliyochukua. Mzigo mpya ukiingia wenye kijani inayokaribia yake, mwandikie yeye kwanza, kwa jina. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256 na meseji inamfikia tu aliyehifadhi namba yako, hivyo mwombe aihifadhi siku ile anapolipa. Mwombe pia ruhusa ya kumtumia habari za mzigo mpya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na hata bila sheria, namba ya simu mtu aliitoa ili aletewe mashuka.

Hatua ya 8: Daftari

Huhitaji programu. Chora safu nne: tarehe, bidhaa, nyongeza niliyoitaja, amekubali au amekataa. Jaza kila oda, hata ile uliyosahau kutaja. Hiyo iandike "sikutaja". Wiki ya kwanza utashangaa "sikutaja" zilivyo nyingi. Yangu ya kwanza ilikuwa na oda 14 na nilikuwa nimetaja mara 5 tu, mwenyewe nikidhani nataja kila siku.

Ukifikisha mara 30 za kutaja nyongeza moja, hesabu. Wakikubali chini ya watatu, ibadilishe, na kabla ya kuitupa badilisha kwanza swali lake, kwa sababu mara nyingi bidhaa haina kosa. Wakikubali kumi na zaidi, jaribu kuiongeza bei kwa 500 wateja 30 wanaofuata. Foronya zangu zilianza 6,000.